Babe Ruth: nguvu ya kuzaliwa haikutosha

Mwezi wa nne mwaka 1925, magazeti ya Marekani yalijaa habari za mtu mmoja: mpigaji mkubwa wa besiboli, George Herman Ruth, alianguka kwenyi gare ya treni mjini Asheville, akapoteza fahamu. Alikuwa na miaka 30. Huko London habari zilifika zimepotoka, ikaandikwa kwamba amekwisha kufa. Hakukufa, lakini mwaka ule wote ulimwendea vibaya, na watu wengi wa mchezo walisema kazi yake imefika mwisho. Hii ni historia ya maisha yake, na ya ukumbi wa mazoezi mjini New York alikoingia ili arudishe mwili wake.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi

Kwetu mashariki watu wanajua kandanda, ngumi, karate na basketi. Besiboli wachache ndio wameiona. Mrushaji anasimama kwenyi kilima kidogo, anarusha mpira mgumu wa karibu gramu 145. Mpigaji anamngojea mbali ya mita 18 na nusu, akiwa na rungu la mti mikononi. Mpira wa kasi unamfikia kwa muda wa karibu nusu ya sekunde, ao hata pungufu. Katika muda huo anapaswa kuuona, kuamua kama anapiga ao anaacha, kisha kuzungusha rungu. Akiupiga mpira ukaruka mpaka kuvuka ukuta wa uwanja, anazunguka vituo vyote vinne bila mtu kumzuia. Pigo hilo linaitwa homurani, na ndilo linaloinua watu kwenyi viti.

Wengi wanafikiri homurani inatoka kwenyi mikono. Hapana. Nguvu inaanzia chini, kwenyi miguu inayokandamiza udongo, inapanda kwenyi nyonga na kiuno vinavyogeuka, inapita mgongoni, na mikono inaipokea mwishoni tu. Mtu mwenyi kiuno kizito na miguu iliyolegea anaweza kuwa na mikono ya fundi wa chuma, mpira wake hautaenda mbali. Jambo hili linasaidia kuelewa yaliyompata Ruth.

Mtoto wa barabarani wa Baltimore

Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa pili 1895, mjini Baltimore, katika kartiye ya watu wa hali ya chini. Wazazi wake walizaa watoto wanane, lakini wawili tu ndio walikua: yeye na dada yake Mamie. Baba alikuwa na nganda ya pombe, na kazi ilimchukua yeye na mama mchana na usiku. Mtoto akabaki barabarani, anakosa masomo, anaiba vitu vidogo vidogo. Leo Goma ao Bukavu wangemwita maibobo.

Mwaka 1902, akiwa na miaka saba, wazazi walimpeleka St. Mary's, nyumba ya kulea na kufundisha vijana iliyoongozwa na mafrere Wakatoliki. Alitoka na kurudi mara kadhaa, lakini kwa jumla ndipo alipokulia. Vijana walisoma, wakafundishwa na kazi za mikono. Ruth alifundishwa kushona mashati, na hata alipokuwa tajiri alijua bado kutengeneza kola ya shati lake mwenyewe.

Pale alimkuta Frere Matthias, mtu mrefu sana mwenyi mwili mkubwa, aliyekuwa na kazi ya kusimamia nidhamu. Matthias alisimama uwanjani, akapiga mipira kwa mkono mmoja mpaka mbali, na watoto wakaikimbilia. Ruth alimtazama na kumwiga, hata namna ya kutembea kwa hatua fupi za haraka. Siku zote za maisha yake alimtaja frere huyo kama mtu aliyemsaidia kuliko wote.

Hakuna aliyemfundisha mazoezi ya viungo kwa mpango. Mwili wake ulijengwa na michezo ya kila siku, kazi za mikono na chakula cha shule. Alipofikisha miaka 19 alikuwa na urefu wa karibu mita 1 na sentimita 88, mabega mapana, na miguu iliyoonekana myembamba kwa mwili ule.

Mrushaji aliyegeuka mpigaji

Mwanzoni mwa 1914, Jack Dunn, mwenyi ekipe ya Baltimore, alimchukua kwa mshahara wa dola 600 kwa mwaka. Kwa kuwa kijana alikuwa bado chini ya ulinzi wa shule, Dunn alijiandikisha kuwa mlezi wake. Wachezaji wakubwa wakamwona kama mtoto wa Dunn, wakamwita Babe, ni kusema mtoto mchanga. Jina likabaki mpaka kaburini.

Mwezi wa saba mwaka huo huo aliuzwa kwa Boston Red Sox. Kule alianza kama mrushaji wa mkono wa kushoto, na alikuwa kati ya bora zaidi. Mwaka 1916 alishinda michezo 23. Boston ilichukua ubingwa 1915, 1916 na 1918. Lakini mrushaji hachezi kila siku, sababu mkono unahitaji kupumzika, na wakubwa wa ekipe waliona kwamba siku Ruth hayuko uwanjani wanapoteza mpigaji mkali. Pole pole wakamtoa kwenyi kilima, wakamweka kucheza kila siku. Mwaka 1919 alipiga homurani 29, hesabu ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameifikia kwa mwaka mmoja.

Kiisha mwenyi Boston, Harry Frazee, akamuuza kwa New York Yankees kwa dola elfu 100. Mwaka 1920, wa kwanza mjini New York, alipiga homurani 54. Karibu ekipe zote, kila moja na wachezaji wake wote pamoja, hazikufikisha hesabu hiyo. Mwaka 1921 alipiga 59.

Mwaka huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia walimwita wampime: macho, masikio, mikono, na haraka anayojibu anapoona alama. Walimkuta juu ya mtu wa kawaida karibu katika kila kipimo. Watu wakaridhika na jibu hilo: Ruth amezaliwa hivi, Mungu ndiye alimpa. Yeye mwenyewe aliamini vile. Na mtu anayeamini kwamba nguvu yake ni zawadi isiyokwisha, hawezi kuona haja ya kuitunza.

Mwaka wa aibu

Maisha ya New York yalikuwa matamu. Mshahara wake ulipanda mpaka dola elfu 52 kwa mwaka, pesa ambayo mchezaji mwingine hakuiota. Alikula bila kipimo, alikunywa, alilala alfajiri, na mwanamke mmoja hakumtosha, ingawa alikuwa na mke, Helen. Wakati wa baridi besiboli haichezwi, na miezi hiyo aliitumia kwa starehe. Kila mwanzo wa mwaka alifika kambini amenenepa, akatafuta kupunguza kilo kwa haraka kwa kukimbia na kutokwa jasho kwa wiki chache. Kwa kijana wa miaka 24 njia hiyo inaweza kupita. Kwa mtu wa miaka 30 mwili unaanza kudai deni.

Mwaka 1925 alifika na zaidi ya kilo 110, homa juu, tumbo linauma. Akaanguka Asheville. Katika treni ya kumrudisha New York alizirai tena. Waandishi wa magazeti walifanya mzaha kwamba alikula mikate ya soseji mingi kupita kiasi. Waganga walitaja jipu la matumbo, na tarehe 17 mwezi wa nne wakampasua. Alilala hospitalini wiki nyingi, mpaka mwisho wa mwezi wa tano.

Tarehe 1 mwezi wa sita alirudi uwanjani, bado dhaifu. Lakini hakubadilisha maisha. Kocha wake, Miller Huggins, mtu mfupi na mwembamba, alimvumilia mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Huko St. Louis, Ruth alipofika amechelewa tena nyuma ya usiku wa starehe, Huggins alimsimamisha na kumlipisha faini ya dola 5,000. Ilikuwa faini kubwa kuliko zote zilizojulikana katika mchezo huo. Ruth alikasirika, akataka mwenyi klabu, Jacob Ruppert, achague kati ya wao wawili. Ruppert alisimama upande wa kocha. Nyota akalazimika kuomba radhi.

Hesabu za mwisho wa mwaka zilionyesha yote. Ruth alicheza michezo 98 tu, akapiga homurani 25. Yankees walimaliza wa 7 kati ya ekipe 8. Waandishi wakaanza kuandika habari zake sawa vile mtu anavyoandika juu ya marehemu.

Kwa Artie McGovern

Mwezi wa kumi na mbili 1925, Ruth aliingia mwenyewe katika ukumbi wa mazoezi wa Artie McGovern, katikati ya New York. McGovern alikuwa zamani mpiganaji wa ngumi wa uzito mdogo kabisa. Mwili wake ulikuwa nusu ya mwili wa Ruth. Wateja wake walikuwa wafanyabiashara, wanasheria na watu wa muziki, waliokaa siku nzima ofisini na kuona matumbo yanakua.

Alichokikuta kwa Ruth kilikuwa kibaya: tumbo limejaa mafuta, pumzi fupi, mapigo ya moyo ya haraka hata akiwa amepumzika, misuli laini. Mtu aliyejulikana nchi nzima kwa nguvu, hakuweza kumaliza mazoezi mepesi bila kuchoka.

McGovern hakumpa vyuma vizito. Katika miaka ile, na kwa miongo mingi baadaye, karibu makocha wote wa besiboli waliogopa vyuma. Waliamini kwamba mtu akinyanyua uzito misuli inakuwa mikubwa na migumu, mabega yanafungana, na haraka ya mkono inapotea. Kwa mchezo unaoamuliwa ndani ya nusu ya sekunde, hofu hiyo ilieleweka. Wachezaji wengi walibaki bila mazoezi yoyote ya nguvu, wakitegemea kazi za shamba ao uwindaji wakati wa baridi.

Njia ya McGovern ilikuwa nyingine. Alianza chini sakafuni, kwa mazoezi ya tumbo, mgongo na miguu. Akaleta mpira mzito wa ngozi uliojazwa ndani, ambao watu wawili wanarushiana kifuani na ubavuni. Akaongeza ngumi, kukimbia, na ule mchezo wa kupiga mpira mdogo ukutani kwa kiganja, unaomlazimisha mtu kugeuka na kuruka kila upande. Nyuma ya jasho kulikuwa na maji ya moto na kukandwa mwili. Kazi ilifanyika siku kwa siku, na uzito wa mazoezi uliongezeka pole pole, sawa na mwili ulivyoweza kubeba.

Upande wa chakula alikuwa mkali zaidi. Sahani zilipunguzwa, sukari na vyakula vya katikati ya siku vikaondolewa, saa za kula zikapangwa, na saa za kulala vilevile. Kwa Ruth hii ndiyo ilikuwa vita kubwa. Kukimbia aliweza, lakini kukaa mbele ya sahani ndogo hakukuwa kumemtokea tangia aanze kupata pesa.

Wiki zilipita. Kilo zilianza kuondoka, mwishoni zaidi ya 15. Kiuno kilipungua sentimita nyingi, mapigo ya moyo yakatulia, na kile kiuno kinachogeuza rungu kikapata nguvu na wepesi pamoja. Waandishi na wapiga picha walialikwa kumtazama, na wengine hawakuamini. Walisema wangoje waone uwanjani.

Kilichoonekana uwanjani

Mwaka 1926 Ruth alipiga homurani 47. Yankees, waliokuwa wa 7, walichukua nafasi ya kwanza katika ligi yao. Katika fainali kuu, ile World Series, walishindwa na St. Louis michezo 4 kwa 3, lakini katika mchezo wa nne Ruth alipiga homurani 3 peke yake. Mchezo wa mwisho ulikwisha pale yeye mwenyewe alipojaribu kuiba kituo cha pili na kukamatwa. Kosa hilo lilizungumzwa sana. Hata vile, mwaka mmoja nyuma hakuna aliyefikiri angekuwa uwanjani siku ya fainali.

Mwaka 1927 ulipita mingine yote. Alikuwa na miaka 32. Nyuma yake katika orodha ya wapigaji alisimama kijana Lou Gehrig, na warushaji hawakuwa na pa kukimbilia: ukimkwepa mmoja unakutana na mwingine. Mwezi wa tisa, wakati wachezaji wengi wamechoka na safari na joto la miezi mitano, Ruth alipiga homurani 17. Hapo ndipo kazi ya wakati wa baridi ilionekana, sababu mtu mwenyi pumzi fupi hafiki mwezi wa tisa na nguvu kama hiyo. Tarehe 30 mwezi wa tisa alipiga ya 60. Yankees walishinda michezo 110 mwaka ule, na kwenyi fainali hawakuachia wapinzani wao hata mchezo mmoja.

Ruth hakugeuka mtakatifu. Aliendelea kupenda meza na starehe. Lakini wakati wa baridi alirudi kwa McGovern, mwaka nyuma ya mwaka. Helen, ambaye walikuwa wamekwisha kuachana bila talaka, alikufa katika moto wa nyumba mwanzoni mwa 1929. Mwezi wa nne Ruth alimwoa Claire Hodgson. Claire alichunga chakula, pombe na saa za kulala, na alisafiri pamoja na ekipe, jambo ambalo wake wa wachezaji hawakuzoea kufanya. Mshahara ulipanda mpaka dola elfu 80 kwa mwaka, 1930 na 1931.

Hesabu isiyodanganya

Kuna hesabu moja inayofaa kuangaliwa kwa utulivu. Mpaka mwisho wa 1925, kabla ya kuingia kwa McGovern, Ruth alikuwa amepiga homurani 309. Alipoacha mchezo mwaka 1935 alikuwa na 714. Ni kusema 405, zaidi ya nusu, zilikuja nyuma ya siku ambayo magazeti yalimzika akiwa hai, na zilikuja mwilini mwa mtu mwenyi miaka 31 mpaka 40. Tatu za mwisho alizipiga siku moja, tarehe 25 mwezi wa tano 1935, mjini Pittsburgh, akiwa amenenepa tena na magoti yanauma. Siku chache baadaye aliacha.

Si mazoezi peke yake yaliyoleta hizo 405. Macho yake yalikuwa yale yale, mikono ile ile, na Gehrig alikuwa nyuma yake. Lakini vitu hivyo vyote alikuwa navyo pia mwaka 1925, isipokuwa Gehrig alikuwa ndiyo anaanza, na havikumsaidia. Kilichokosekana ni mwili wa kuvibeba.

Mwisho wake, na kilichobaki

Mwaka 1936 aliwekwa kati ya watu watano wa kwanza walioheshimiwa katika nyumba ya kumbukumbu ya besiboli. Alitamani kuwa kocha mkuu wa ekipe kubwa, lakini hakuna klabu iliyomkabidhi kazi hiyo. Wenyi klabu walikumbuka bado usiku wa miaka ya nyuma, na waliona kwamba mtu aliyeshindwa kujiongoza hawezi kuongoza wengine. Jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho.

Kansa ilimshika kichwani na shingoni. Mwezi wa sita 1948 alifika mara ya mwisho kwenyi uwanja wa Yankees, amekonda, nguo zinaning'inia, anaegemea rungu la besiboli sawa vile mzee anavyoegemea fimbo. Alikufa tarehe 16 mwezi wa nane, na miaka 53. Jeneza liliwekwa pale pale uwanjani, na makumi ya maelfu ya watu walipanga mstari kumwaga.

Rekodi ya homurani 60 ilidumu mpaka 1961, ilipovunjwa na Roger Maris. Ile ya 714 ilivunjwa na Hank Aaron mwaka 1974. Hofu ya mazoezi ya nguvu ilichukua muda mrefu zaidi kuvunjika. Miongo mingi ilipita mbele klabu za besiboli hazijaanza kuajiri waalimu wa mazoezi na kujenga kumbi zao zenyewe. Leo kila ekipe kubwa iko nazo, na vyuma vinanyanyuliwa bila woga, sababu imeonekana kwamba misuli iliyozoezwa vizuri, pamoja na kunyoosha viungo, haipunguzi haraka, inaiongeza.

Na katika kumbi hizo, pembeni ya mashine za bei kali, mpira mzito uko bado. Wapigaji wanasimama kando ya ukuta, wanageuza nyonga na kiuno, wanaurusha kwa nguvu zote ubavuni, kisha wanaudaka na kurudilia. Hilo ni zoezi ambalo kijana anaweza kulifanya hata pasipo ukumbi, akiwa na ukuta mgumu na mfuko imara uliojazwa mchanga kiasi. Anayeanza achukue uzito mdogo, apate kwanza miguu na mgongo wenyi nguvu, aongeze pole pole, na alale vya kutosha. McGovern hakumpa Ruth siri kubwa kuliko hiyo. Alimpa tu kazi ya kila siku, katika miezi ambayo hakuna mtu anayepiga makofi.